Umeme uko Rumangabo, sabuni inatoka ngambo: soko la Afrika Mashariki linaleta nini kwa viwanda vya Kivu?

Kwa muda mrefu Rumangabo ilijulikana kwa vitu viwili: kambi kubwa ya askari na makao makuu ya mbuga ya Virunga. Tangu Desemba 2015 kuko kitu cha tatu, nacho ni umeme. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, chenye uwezo wa zaidi ya megawati 13, kinawasha taa za sehemu hii na kutuma nguvu hadi mjini Goma. Mtu aliyekuwa anasaga mahindi kwa mashini ya mazutu aliweza kununua mota ya umeme. Fundi wa vyuma alipata mahali pa kuunganisha chombo chake cha kuchomelea. Kwenye wilaya ya Rutshuru, ambako udongo unatoa mahindi, maharagwe, soya na kahawa, watu walianza kusema neno ambalo halikuwa limesikika siku nyingi: kiwanda.

Lakini ingia leo kwenye duka lolote kwenye barabara ya Goma kuelekea Kiwanja, halafu uangalie rafu. Sabuni, mafuta ya kupikia ya chupa, biskuti, misumari, ndoo za plastiki, mabati, simenti. Sehemu kubwa imevuka mpaka. Ingine imetoka Uganda kupitia Bunagana, ingine Rwanda kupitia Gisenyi, ingine imetengenezwa Kenya ama Tanzania, na ile ya bei ndogo kabisa imetoka China kwa njia ya bandari ya Mombasa ama Dar es Salaam. Vitu vinavyokwenda upande wa pili vinajulikana: kahawa isiyokaangwa, kakao, maharagwe, mbao, madini. Shamba na shimo vinatoka, kiwanda kinaingia.

Tarehe 8 Aprili 2022, mjini Nairobi, Rais Félix Tshisekedi alitia saini mkataba wa kuingiza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC. Tarehe 11 Julai mwaka huo nchi ikawa mwanachama kamili, wa saba. Leo wako nane, baada ya Somalia kuingia 2024, na soko linahesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 300. Ahadi ilikuwa nyepesi kueleza kwenye mikutano: bidhaa zitapita bila ushuru, bei zitashuka, wafanya biashara wa Kivu watauza mbali zaidi.

Kwa Rumangabo, Jumuiya hiyo ilifika kwanza ikiwa imevaa buti. Kambi ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa 2022, na tarehe 6 Januari 2023 sherehe ya kuikabidhi kwa jeshi la kikanda la EAC ilifanyika pale pale. Mnamo Desemba 2023 jeshi hilo lilirudi kwao. Askari wa soko la pamoja walikuja na kuondoka kabla ya soko lenyewe kuanza kufanya kazi.

Swali ambalo halikuulizwa sana wakati wa saini ni hili: mikataba ya namna hiyo inafanya nini kwa viwanda? Je, inavigawa kila nchi ipate chake, ama inavirundika mahali pamoja?

Hesabu ya katoni moja

Wachumi wako na jibu la zamani. Mwaka 1950 Jacob Viner, profesa aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba nchi zikiondoleana ushuru zenyewe kwa zenyewe na kuuacha kwa wengine, mambo mawili yanaweza kutokea. Biashara mpya inaweza kuzaliwa, maana mnunuzi anaacha kitu cha nyumbani kilicho ghali na kuchukua cha jirani kilicho rahisi. Ama biashara inaweza kuhamishwa tu njia: mnunuzi anaacha muuzaji wa mbali mwenye bei nzuri na kuchukua wa jirani mwenye bei ya juu, sababu wa jirani halipi ushuru.

Chukua katoni ya sabuni, kwa bei za mfano tu. Ya China inafika mpakani kwa dola 10, ya Uganda kwa dola 11. Ushuru wa Kongo kwa bidhaa zilizokamilika ni asilimia 20. Wote wawili wakilipa, ya China inauzwa 12, ya Uganda 13 na senti 20. Kuko pia fundi wa hapa nyumbani ambaye sabuni yake inamgharimu dola 11 na nusu. Anauza, anaishi. Sasa ushuru wa Uganda unaondolewa. Katoni ya Uganda inauzwa dola 11. Mama wa nyumbani anafurahi, amepunguziwa dola moja ukilinganisha na ile ya China. Serikali ilikuwa inapata dola 2 kwenye kila katoni ya China, sasa haipati kitu. Na fundi wa nyumbani wa dola 11 na nusu anafunga mlango.

Huyo fundi ndiye mtu wa kuangalia kwenye hesabu hii. Hajafanya kazi vibaya. Amefungiwa na tofauti ya nusu dola, na mara nyingi nusu dola hiyo haitokani na ufundi wake: inatokana na barabara, na umeme unaokatika, na mkopo wa riba kali, na makaratasi. Mwenzake wa Jinja ama Thika alianza miaka hamsini mbele, analisha watu wengi zaidi, kwa hiyo kila katoni inamgharimu kidogo.

Mwaka 2003 mchumi Mwingereza Anthony Venables aliandika makala iliyosomwa sana kuhusu nani anashinda na nani anashindwa kwenye miungano ya namna hii. Alichoeleza ni kwamba, nchi maskini zikiungana zenyewe, viwanda vinaelekea kwenye ile iliyo mbele kidogo ya wenzake, hata kama yenyewe bado iko nyuma sana ukiilinganisha na dunia. Kenya haishindani na China kwa viwanda. Lakini ndani ya uzio wa Afrika Mashariki, uzio ambao unaizuia China kwa ushuru, Kenya ndiyo China. Nchi iliyo nyuma zaidi inabaki kuuza kile kile ilichokuwa inauza na kununua vya kiwanda kwa jirani, kwa bei kubwa kuliko ya dunia.

Kongo inaingia kwenye uzio huo ikiwa katika nafasi hiyo ya mwisho. Hakuna haja ya kulizungushia maneno.

Walishagombana juu ya hili

Wazee wa Tanzania, Kenya na Uganda wanalijua jambo hili bila kusoma Venables. Wakati wa ukoloni wa Waingereza nchi zile tatu zilikuwa soko moja, na viwanda vilikusanyika Nairobi na kandokando yake, penye reli, benki na walowezi wenye pesa. Baada ya uhuru, Tanganyika na Uganda zilisema: sisi tunanunua, Kenya inatengeneza, haiwezekani kuendelea hivi.

Mwaka 1964 wakakubaliana Kampala kugawana viwanda kwa majina. Tanganyika ingepata kuunganisha magari ya Land Rover na redio, pamoja na matairi. Uganda ingepata baiskeli na mbolea. Kenya ingebaki na balbu za taa. Kila nchi ingeheshimu ya mwenzake. Haikuheshimika. Kwa upande wa matairi, kampuni ya Firestone ilijenga kiwanda chake Nairobi, na Tanzania ikajenga cha General Tyre Arusha. Soko ambalo lilikuwa dogo hata kwa kiwanda kimoja likawa na viwili.

Mkataba wa 1967, ulioanzisha Jumuiya ya kwanza, ulijaribu njia ingine. Nchi iliyo nyuma iliruhusiwa kutoza ushuru mdogo wa muda juu ya bidhaa za mwenzake, ili kulinda kiwanda chake kichanga. Na Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliwekewa sheria ya kugawa mikopo bila usawa: asilimia 38.75 kwa Tanzania, asilimia 38.75 kwa Uganda, na 22.5 tu kwa Kenya. Yaani walikubali kwa maandishi kwamba soko peke yake halitagawa viwanda, na kwamba anayepata zaidi lazima arudishe kidogo. Ilikuwa fikra nzuri. Pesa zilikuwa chache, siasa ikaharibika, Idi Amin akaingia madarakani Kampala, na 1977 Jumuiya ikavunjika. Malalamiko juu ya viwanda hayakuwa sababu pekee, lakini yalikuwa kwenye meza tangu siku ya kwanza.

Jumuiya iliyofufuliwa, ile yenye umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010, haikurudisha mgawo wa viwanda wala ile sheria ya benki. Iliweka muda wa mpito: bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ushuru ukipungua kila mwaka, hadi 2010. Miaka mitano ya pumzi, basi. Na hapo ndipo kuna jambo la kuangaliwa na wale wanaojadiliana kwa niaba ya Kongo. Uganda, ambayo ilikuwa inalia juu ya Kenya, ilitumia muda ule kujenga viwanda vyake vya mafuta, sabuni, vyuma na simenti, na soko lake kubwa likawa magharibi na kaskazini: Kongo na Sudan Kusini. Aliyekuwa analalamika jana ndiye anayeuza leo Rutshuru. Kwa hiyo hali ya nafasi ya mwisho haiko kama maandiko ya milele. Lakini Uganda ilikuwa na barabara hadi mpakani, na umeme, na serikali iliyokuwa inajua inataka nini.

Mawese ya Malaysia, mawese ya Beni

Kaskazini ya mbuga, upande wa Beni, kuko mfano ambao unaonyesha shida yote kwa kitu kidogo. Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, si mbali na mpaka wa Kasindi, ilipata umeme wa maji mwaka 2013, wa kwanza kati ya vituo vilivyojengwa pamoja na mbuga. Ulipofika umeme, kikafuata kiwanda cha sabuni. Kinatumia mawese ya wakulima wa huko huko: mkulima anakamua, kiwanda kinanunua, sabuni inatoka. Ukitafuta bidhaa ambayo asili yake haina mashaka kwenye Afrika Mashariki nzima, ni hiyo.

Sasa angalia mshindani wake. Ushuru wa pamoja wa EAC kwa vitu vinavyotoka nje ya Jumuiya uko na ngazi nne: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa vitu vilivyofikia katikati, 25 kwa vilivyokamilika, na tangu Julai 2022 ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa vile ambavyo Jumuiya inasema inaweza kujitengenezea yenyewe, mafuta ya kupikia yakiwemo. Mawese ghafi yako kwenye ngazi ya sifuri. Kwa hiyo kiwanda cha Kenya ama Uganda kinaleta mawese ghafi ya Malaysia na Indonesia kwa meli bila ushuru, kinayasafisha, kinatengeneza mafuta na sabuni, na kinauza ndani ya uzio bila ushuru pia, kikilindwa na ukuta wa 25 ama 35 dhidi ya mafuta na sabuni za Asia.

Je, sabuni hiyo ni ya Afrika Mashariki? Kwa sheria za asili za Jumuiya, zile za 2015, ndiyo inaweza kuwa. Bidhaa inahesabiwa kuwa ya hapa ikiwa imetoka yote hapa, ama ikiwa malighafi ya kigeni imebadilishwa vya kutosha. Kwa bidhaa nyingi kipimo ni kubadilika kabisa kwa aina yake kwenye kitabu cha forodha, ama malighafi ya kigeni isizidi asilimia 70 ya thamani. Mawese yaliingia, sabuni ilitoka. Imebadilika. Inapata cheti.

Hakuna aliyevunja sheria hapo. Kenya haina mawese ya kutosha, na ilijipangia ushuru kulingana na viwanda vyake. Kongo, nchi ambayo mchikichi unaota hata bila kupandwa, haikuwa kwenye meza wakati ngazi hizo zinaandikwa. Ikikubali ushuru wa pamoja kama ulivyo, inakubali kwamba mawese ya Beni yashindane na mawese ya Sumatra yaliyoingia kwa sifuri, halafu ipandishe ushuru wake kwa sabuni ya Asia kutoka 20 kwenda 25 ama 35 ili kulinda viwanda vya jirani. Fundi wa Mutwanga anaumia kwenye pande zote mbili za hesabu.

Jumuiya inaruhusu nchi kuomba kutoza ushuru tofauti kwa bidhaa fulani kwa muda, na wanachama wa zamani wanatumia nafasi hiyo kila mwaka wa bajeti, bila haya. Sukari, ngano, vyuma, mchele: kila mmoja anaomba lake. Kinshasa bado haijaanza kutumia umoja wa forodha, na kuchelewa huko kunalaumiwa sana na wenzake. Kwa macho ya Kivu, kuchelewa kungekuwa na faida kama muda huo ungetumika kuandaa orodha. Mawese ghafi yangekuwa ya kwanza kuandikwa.

Sifuri ya Ulaya haikujenga kiwanda

Kuko watu wanaodhani kwamba shida ni ushuru wa nje tu, kwamba ukiondolewa viwanda vitaota. Kakao na kahawa zinakataa.

Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unaruhusu nchi maskini kabisa, Kongo ikiwemo, kuingiza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Chokoleti ya Kongo inaingia Ubelgiji kwa sifuri, sawa na punje ya kakao. Robo karne imepita. Chokoleti inayotoka Kivu kwenda huko ni kidogo sana, na iliyo maarufu zaidi inatengenezwa kwa mradi wa mbuga huko huko Mutwanga, kwa umeme ule ule. Sehemu kubwa ya kakao ya Beni inatoka ikiwa punje kavu kwenye gunia. Na si yote inatoka kwa jina lake: ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimetaja zaidi ya mara moja kakao ya sehemu hiyo inayovushwa kwa magendo kwenda Uganda. Bei ya kakao ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, kila mtu mwenye mkono mpakani alitaka gunia.

Kahawa ni hadithi ya zamani zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Zaire ilikuwa inauza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Ugonjwa wa miti, kuporomoka kwa bei, kisha vita, vikaipunguza hadi sehemu ndogo ya kiasi hicho kwenye vitabu vya serikali. Kwenye vitabu, maana miti ya Rutshuru na Kalehe haikukauka yote. Mkulima anayeona kodi na malipo ya makaratasi kwa upande mmoja, na mnunuzi anayelipa taslimu kwa upande mwingine wa ziwa ama wa kilima, anajua njia. Kahawa hiyo inaoshwa, inachaguliwa na kufungwa ngambo, kisha inauzwa dunia nzima ikiwa na jina la nchi ingine. Huo nao ni mgawanyo wa kazi wa kikanda, ingawa hakuna waziri aliyeutia saini.

Tofauti na hizo ni Pharmakina ya Bukavu, ambayo tangu 1942 inashughulika na gome la mkwinini na kutoa chumvi za kwinini zinazonunuliwa Ulaya. Ilipita kwenye Zaire, vita mbili na kila aina ya kodi. Iliweza sababu ilikuwa na kitu ambacho ni watu wachache wanakilima duniani, kizito kikiwa gome na chepesi kikiwa dawa. Uzito ni jambo ambalo wachumi wa mikutano wanasahau. Barabara ikiwa mbaya, kinachosafiri ni kile chenye thamani kubwa ndani ya gunia dogo. Simenti haisafiri, kwinini inasafiri. Unga wa mahindi wa Rumangabo hautafika Kampala, lakini unaweza kufika Goma, kilometa zisizozidi hamsini, na Goma iko na watu wanaohesabiwa kwa mamilioni. Kwa muda huu, soko la maana la kiwanda cha Rutshuru ni Goma kabla ya Nairobi. Swali ni nani analishika soko hilo.

Ushuru ni kitu cha mwisho kinacholipwa

Hesabu ya katoni hapo juu iko na kasoro moja, na kila mama anayevuka Petite Barrière anaijua: ilidhani kwamba kwenye mpaka watu wanalipa ushuru ulioandikwa.

Amri ya mwaka 2002 ilisema kwamba huduma nne tu ndizo zinaruhusiwa kufanya kazi mpakani: uhamiaji, duane, udhibiti wa bidhaa na afya. DGM, DGDA ya leo, OCC na Hygiène. Amri iko bado. Huduma zilizoongezeka juu ya hizo nne wakaaji wanaweza kuzitaja bila kusoma. Ndani ya nchi mambo ni mabaya zaidi. Mwaka 2017 shirika la utafiti la Ubelgiji, IPIS, lilihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu mbili, vya jeshi, vya makundi ya silaha na vya ofisi za serikali. Hakuna mkataba wa kikanda unaogusa kizuizi kilicho kati ya shamba na kiwanda ndani ya nchi moja. Bidhaa ya Uganda inalipa kwenye mpaka na labda mara chache njiani. Mahindi ya Masisi kabla ya kufika kwenye mashini yanaweza kulipa mara nyingi zaidi. Kwa maneno ya Viner, hapo Kongo imejiwekea ushuru dhidi ya Kongo.

COMESA, ambako Kongo ni mwanachama wa siku nyingi kuliko EAC, ilileta utaratibu rahisi kwa wachuuzi wadogo: shehena isiyozidi dola 2,000, karatasi moja, na orodha ya vitu ambavyo nchi mbili zimekubaliana. Umesaidia, hasa wanawake wa Goma na Gisenyi ambao kabla ya virusi vya korona walikuwa wanavuka kwa makumi elfu kila siku. Lakini orodha hizo sehemu kubwa ni mazao ya shamba na vitu vya nyumbani. Zinarahisisha kupitisha nyanya, vitunguu na maharagwe. Mtu anayetaka kupitisha kontena la sabuni ama la unga uliofungwa vizuri anarudi kwenye mlolongo mkubwa: cheti cha asili, cheti cha ubora, deklarasyo, benki.

Nani atagonga muhuri?

Na hapo vita inaingia, maana kila moja ya karatasi hizo iko na ofisi nyuma yake.

Bunagana ilianguka mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022, kama miezi miwili tu baada ya saini ya Nairobi. Rutshuru na Kiwanja zikafuata Oktoba, Goma mwishoni mwa Januari 2025. Vita vya Goma viliharibu waya za umeme na mji ukakaa gizani na bila maji kwa siku kadhaa. Benki za Goma zilifungwa. Mwezi Julai 2025 Uganda ilifungua tena mpaka wa Bunagana kwa biashara, na malori yakaanza kupita. Wanaokusanya kodi upande wa Kongo ni watu wa AFC/M23, na pesa hizo haziendi Kinshasa.

Kwa bidhaa zinazoingia, hali hiyo haisumbui sana. Lori la Kampala liko na karatasi za Kampala. Kwa bidhaa zinazotoka ni kinyume. Cheti cha asili kinachomruhusu muuzaji kuingia soko la EAC, la COMESA ama la Afrika nzima lililoanza biashara Januari 2021, kinatolewa na ofisi iliyotambuliwa na serikali ya nchi mwanachama, na sahihi zake zinajulikana kwa watu wa forodha wa upande wa pili. Mwenye mashini Rumangabo hana ofisi hiyo karibu, na hana benki ya kupokelea malipo. Kwa hiyo unga wake, ama kahawa yake iliyokaangwa, hauna uraia. Kahawa mbichi haihitaji uraia, inapewa mwingine ngambo. Hivyo vita inaongeza kile ambacho soko lilikuwa limeanza: inaacha malighafi ipite na kuzuia kilichotengenezwa.

Kwenye mazungumzo ya Washington, Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba wa amani tarehe 27 Juni 2025, na mwezi Desemba marais wakakutana huko kuuthibitisha pamoja na mpango wa ushirikiano wa kiuchumi wa kikanda. Umeme, barabara, mbuga na utalii vimetajwa humo. Madini yametajwa zaidi, na kuna maneno kuhusu kuyasafisha katika kanda badala ya kuyapeleka mbichi. Katika kanda, lakini upande gani wa mpaka? Mwaka 1964 swali hilo hilo liliulizwa kuhusu matairi, na wale waliokuwa mezani angalau waliandika jibu kwa majina ya nchi.

Kwa sasa Matebe inazalisha pale inapoweza, na umeme wake haulipi ushuru ukishuka Goma. Mashini za unga zinazunguka. Sabuni ya ngambo inashushwa kwenye malori asubuhi, na chukudu zinaigawa kwenye maduka ya mitaa kabla ya jua kuwa kali.